Likizo ya Kusimama

Nchi yetu haina matatizo. Zamani ilikuwa nayo, tena tele, lakini mwaka juzi yote yalihamishiwa Idara ya Changamoto, na tangu hapo mwenye tatizo hupewa fomu na kuombwa asubiri kwenye benchi. Benchi lenyewe ni refu na limepakwa rangi ya samawati. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba nimeshika kalamu kulalamika. Mimi ni karani wa shule, nina miaka kumi na tisa kazini, na kulalamika hakumo katika orodha ya majukumu yangu.

Shule yetu ni Sekondari ya Mafanikio Namba Nne. Namba Moja, Mbili na Tatu bado hazijajengwa, ila namba zao zimeshatengwa. Tuna wanafunzi mia sita. Tuna choo kilichozinduliwa mara mbili, kwa kuwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Nidhamu na Mtandao ni mzaliwa wa wilaya hii. Uzinduzi wa kwanza ulikuwa wa shimo. Na tuna ratiba, ambayo ndiyo fahari yetu kubwa.

Ratiba ina vipindi arobaini kwa wiki, na vyote arobaini vimejaa masomo ya lazima. Kuna Hisabati, Sayansi na Lugha, kama kwingine. Kisha kuna Historia ya Mafanikio, Jiografia ya Mafanikio, Shukrani ya Kwanza, Shukrani ya Pili, Upigaji Makofi wa Nadharia, na Upigaji Makofi wa Vitendo, ambao hufanyika uwanjani kwa sababu ya mwangwi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, pameandikwa: "Mwanafunzi atachagua somo moja la hiari, muda ukipatikana." Muda haujawahi kupatikana. Simlaumu mtu, maana umetafutwa.

Masomo ya hiari yenyewe yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa Ufugaji Nyuki, lakini nyuki walihama bila kuaga. La pili lilikuwa Uchoraji, na mwalimu wake aliazimwa na Idara ya Changamoto kupaka rangi lile benchi, hajarudi hadi leo. Likabaki la tatu, Muziki, na Mwalimu Kambangwa.

Mwalimu Kambangwa ni mtu mfupi mwenye kifua kipana, aliyeajiriwa miaka ishirini na saba iliyopita kufundisha somo lisilo na kipindi. Kila asubuhi alisaini daftari, akafungua stoo ya vyombo, akafuta vumbi kwenye ngoma na zumari, akafunga, akakaa kivulini na gazeti. Amekuwa mfanyakazi bora mara sita, kwani hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kumlalamikia. Mwezi wa Desemba mwaka ule alikuwa anastaafu, na Wizara ilikwisha kutuarifu kwamba nafasi yake haitajazwa kwa kuwa haijulikani alikuwa akifanya nini.

Hilo la Desemba ndilo lililomkosesha usingizi Siwema.

*

Siwema alikuwa Kidato cha Tatu, msichana mrefu, mwepesi wa kucheka na mzito wa kukubali jibu la "haiwezekani". Baba yake ni Mzee Ubwa, kinyozi wa pale sokoni. Ukiingia kunyoa kwake utaona, katikati ya picha za mitindo ya nywele, tarumbeta imetundikwa kwenye msumari.

Watu wa wilaya yetu wana desturi moja ambayo wageni hawaielewi. Maharusi wakiingia ukumbini, watu wote husimama, na hakuna anayekaa mpaka tarumbeta ipige wimbo wa kukalisha wageni. Ni wimbo mfupi sana, sauti tano tu, zinashuka moja baada ya nyingine na ya mwisho inavutwa. Ukishausikia, magoti yanajikunja yenyewe. Kwa miaka ishirini mpigaji alikuwa Mzee Ubwa, na hata bibi zetu wenye miguu mibovu walisimama kumngoja yeye.

Kisha Mzee Ubwa akaanguka na baiskeli, yakamtoka meno manne ya mbele. Tarumbeta hutaka midomo iliyoegemea kitu. Siku hizi harusini kwetu ni vurugu tupu: wengine wanakaa mapema, wengine wanasimama mpaka wali unaletwa. Mzee alijaribu kumfundisha binti yake kwa maelezo, lakini kila alipotaka kumwonyesha jinsi ya kupuliza, hewa ilimtoka pembeni kwa mlio ambao siwezi kuuandika hapa, na Siwema akaishia kujigalagaza kwa kicheko.

"Mtafute Kambangwa," Mzee alimwambia. "Yule ana meno yote. Mimi vidole nitakufundisha, pumzi akufundishe yeye."

Lakini wangekutana lini? Kufundishwa nje ya ratiba ni kosa chini ya Sheria ya Masomo ya Magendo. Na kwa Kanuni za Utulivu, chombo cha muziki kikilia ndani ya kipindi ni elimu, kikilia nje ya kipindi ni kelele. Nyumba ya tatu kutoka kwangu walimkamata mtu na filimbi.

Basi Siwema akaja ofisini kwangu.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba. Umeleta fomu?"

"Sikuleta fomu, nimeleta swali. Nikitaka kusoma muziki kabla Mwalimu Kambangwa hajastaafu, nifanyeje?"

Nilimweleza kwa upole kwamba anaruhusiwa kabisa kusoma muziki, hakuna aliyemkataza, isipokuwa hakuna saa ya kufanya hivyo.

"Kwa hiyo ruhusa ipo."

"Ipo, tena tangu zamani."

"Asante, Bwana Karani," akasema, na kwa kweli sikuona ameshukuru, ingawa Shukrani ya Kwanza alipata alama za juu.

*

Mwezi wa tano Mheshimiwa Waziri alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kijana wa leo siye kijana wa jana, ijapokuwa jana naye alikuwa kijana wa leo. Serikali yenu imeona, ikatafakari, kisha ikaona tena. Kuanzia likizo hii ndefu, mwanafunzi ataweza kumaliza somo moja la lazima kwa njia ya mtandao, popote alipo, na hivyo kukomboa vipindi vyake, ili shule zikifunguliwa asome somo la hiari analolipenda. Nasema popote! Juu ya mti, ndani ya pango, asome!"

Siwema alifika shuleni asubuhi yake kabla ya mlinzi. Alijiandikisha wa kwanza, somo la Shukrani ya Pili, wiki sita, vipindi viwili vya kukombolewa. Nyuma yake wakajiandikisha wengine thelathini na wawili. Wako waliotaka muziki kama yeye, na wako waliotumwa na mama zao ili nyumba ipumue.

Waraka ulifuata kufafanua hotuba. Kifungu cha tatu kilisema kwamba "popote" maana yake ni darasa namba saba. Wanafunzi wafike saa moja na nusu asubuhi, wamevaa sare, wamechana nywele, kwa kuwa Wizara haina njia ya kuhakikisha nidhamu ya mtu aliye juu ya mti. Darasa liwe na msimamizi. Mkuu wa Shule, Bwana Shangali, alimteua Mwalimu Kambangwa, ambaye ndiye pekee asiye na kazi inayoweza kuharibika akiiacha.

*

Siku ya kwanza mambo yalianza vizuri mno. Projekta iliwaka. Kwenye skrini akatokea Profesa Lukindo, mwalimu wa mtandaoni wa taifa zima, mwenye tai nyekundu. Wanafunzi wote thelathini na watatu wakainuka kama walivyolelewa.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Shukrani," akasema Profesa, "ni hali ya moyo inayoweza kugawanywa katika sehemu saba."

Wanafunzi wakabaki wamesimama, wakingoja. Profesa akaingia sehemu ya kwanza. Hakuitika marahaba na hakusema kaeni, maana alirekodiwa studio mjini miezi minne kabla, na studio hakukuwa na mtu wa kumwamkia. Bwana Shangali alikuwa mlangoni akichungulia, akanong'ona kwa ukali, "Asikae mtu! Hajasema!"

Hakukaa mtu. Katika nchi yetu mtoto anaweza kuikosa chai, akakosa na daftari, lakini hakai mbele ya mwalimu aliyesimama kabla hajaambiwa kaeni. Saa tatu nzima walisimama. Wawili walipiga magoti bila kukusudia, nikawaandika kwenye daftari kama "waliopungua urefu".

"Mwalimu Kambangwa," Mkuu alisema walipotoka, "kesho uwaitikie wewe."

"Nitaitikiaje, Mkuu? Hawakuniamkia mimi. Shikamoo ya Profesa niipokee mimi, niipeleke wapi?"

Mkuu aliona hoja hiyo ina uzito. Tukaandika barua Wizarani.

*

Siku ya pili, Profesa akiwa katikati ya sehemu ya tatu, mdomo wazi, mtandao ulikatika. Uso wake ukaganda, na juu ya pua yake kikatokea kile kiduara kinachozunguka. Kikazunguka. Wanafunzi wakakitazama, bado wima.

Mwalimu Kambangwa akatoa waraka mfukoni, akavaa miwani, akatafuta. Kifungu cha kumi na moja kilisema: "Mtandao ukikatika, muda wa kusubiri utahesabiwa kuwa mahudhurio kamili. Msimamizi atawashughulisha wanafunzi kwa jambo lolote lisilo somo, ili wasije wakapitwa na Profesa."

Alikisoma mara tatu. Kisha akaja ofisini kwangu akihema kidogo.

"Bwana Karani, wewe ndiye mwenye mafaili. Muziki ni somo?"

Nilifungua ratiba, nikapitia vipindi vyote arobaini kwa kidole.

"Haumo."

"Kwa hiyo si somo."

"Kwa mujibu wa ratiba, Mwalimu, si somo na haujawahi kuwa."

"Na sasa hivi, pale namba saba, ni ndani ya kipindi au nje?"

"Ndani. Kusubiri kunahesabiwa."

Miaka kumi na tisa nimefanya kazi na mtu huyu na sikuwahi kumwona akikimbia. Alikimbia mpaka stoo, funguo zikimdondoka, na baada ya dakika tano nikasikia ngoma kutoka darasa namba saba. Nilitazama Kanuni za Utulivu. Ilikuwa elimu.

Kesho yake Siwema alikuja na mfuko wa unga, na ndani ya mfuko mlikuwa na tarumbeta ya baba yake. Mlio wa kwanza ulikuwa wa mbuzi aliyekanyagwa. Wa pili ulikuwa wa mbuzi yuleyule akisimulia yaliyompata. Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka kuliko wote, machozi yakamtoka, akafuta kwa mkono wa shati, akaipeleka tena mdomoni.

"Msione vibaya kusimama," Mwalimu Kambangwa aliwaambia. "Anayepuliza amekaa anapuliza nusu. Serikali imewasimamisha bure, mshukuruni Profesa."

Sikuwa nimewahi kuona watoto wanaopenda mtandao mbovu namna ile. Profesa akianza kuongea walimtazama kwa adabu, wakingoja agande. Kwa kawaida aliganda kabla ya saa mbili na robo. Kiduara kikitokea tu, mifuko inafunguliwa. Jioni Siwema alikaa kwenye kiti cha kunyolea, na Mzee Ubwa akamsogezea vidole juu ya vitufe vitatu, kimya kimya, bila kupuliza, maana kidole hakipigi kelele. Mwisho wa wiki ya pili alikuwa na sauti mbili safi. Alinipitia ofisini kunieleza hilo kana kwamba nilimwuliza, nami nilifurahi kana kwamba nilimwuliza kweli.

*

Wizara haikutusahau. Ilituma Tume ya watu kumi na wanne kuja kuona wanafunzi wanavyosimama. Tume ilikaa siku mbili. Ilikuja na viti vyake. Iligundua kwamba Profesa Lukindo hawezi kurekodiwa upya kwa sababu ameteuliwa kuwa balozi, na balozi haongezewi sentensi bila idhini ya nchi anakokwenda. Ikapendekeza iundwe kada mpya ya utumishi.

Wiki ya tatu akashuka kwenye gari la Wizara Bwana Dosi, Afisa Mwitikiaji Daraja la Pili. Ana suti ya kijivu na barua ya uteuzi yenye mihuri miwili. Kila asubuhi alisimama kando ya skrini, akarekebisha tai, na wanafunzi walipomwamkia Profesa, yeye akatoa sauti nzito:

"Kwa niaba ya Profesa Lukindo, marahaba. Kaeni."

Wakakaa. Saa moja na dakika thelathini na moja kazi yake ya siku ilikuwa imekwisha, akaenda kupumzika kwenye nyumba ya walimu. Alikuwa mtu makini. Alasiri ukipita dirishani kwake ulimsikia akifanya mazoezi: "Marahaba. Marahaba. Ma-ra-ha-ba." Siku moja alipopata mafua shule ilisimama tena.

Wiki ya tano Siwema aliingia ofisini mbiombio hata kuamkia akasahau.

"Bwana Karani, kuna mtu juu ya paa!"

"Ni fundi. Wizara imemtuma atengeneze mtandao."

Rangi ilimtoka. "Bado nina sauti nne tu. Ule wimbo wa baba una tano. Akitengeneza nimekwisha!"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kwamba fundi huyo ni wa serikali. Na kweli, alipomaliza kutengeneza, mtandao ulikatika siku nne mfululizo. Siku ya nne, Alhamisi, kama saa nne hivi, nilikuwa napiga muhuri kwenye barua za likizo niliposikia zile sauti tano, zikishuka taratibu, na ya mwisho imevutwa. Nilikuwa nimesimama kwenye kabati. Nikakaa. Nilikaa sakafuni, maana kiti kilikuwa mbali.

*

Likizo ikaisha. Wote thelathini na watatu walifaulu Shukrani ya Pili, kwa sababu mtihani nao ulikuwa wa mtandaoni na uliganda kwenye swali la kwanza, ambalo lilikuwa jina. Siwema akapewa cheti na hati ya kukombolewa vipindi viwili. Alikimbia nayo hadi kwa Mwalimu Kambangwa, na Mwalimu, mbele ya macho yangu, akaifuta miwani yake mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Akachukua chaki akaandika mlangoni pa stoo: "Muziki, Jumatano, saa tano."

Jumanne waraka mpya ukaingia.

Nauweka hapa kama ulivyo. "Imebainika kwamba vipindi vilivyokombolewa viko huru. Kipindi kikiachwa huru kinaweza kufanya lolote. Ili kuwalinda wanafunzi, vipindi hivyo vitatumika kwa somo jipya la lazima liitwalo Matumizi Bora ya Kipindi Huru. Mwanafunzi atakayependa anaweza kulimaliza somo hilo kwa mtandao katika likizo ndefu ijayo, na hivyo kukomboa vipindi."

Likizo ndefu ijayo ilikuwa baada ya Desemba.

Siwema aliusoma ubaoni, akausoma tena, kisha akaja akaketi kwenye kiti cha wageni cha ofisi yangu na kulia. Hakulia kwa sauti. Niliona uchungu, nasema wazi, niliona uchungu wa kweli, na nikafanya kile ninachojua kufanya: nilimpa fomu ya Idara ya Changamoto. Aliijaza. Penye "Aina ya changamoto" aliandika "Jumatano". Mwalimu Kambangwa alifuta chaki mlangoni kwa kiganja, akafunga stoo, akarudi kwenye gazeti lake.

*

Kwa mafanikio haya Mheshimiwa Waziri aliamua kuja mwenyewe kwenye Sherehe ya Kitaifa ya Ukombozi wa Vipindi, na akaichagua shule yetu. Tulipaka chokaa mawe. Wazazi walialikwa, sare zilifuliwa, skrini kubwa ikasimamishwa uwanjani.

Skrini ilikuwa ya nini, na Waziri alikuwapo? Ni kwamba mradi ulikuwa wa mtandao, na hotuba ya mradi wa mtandao haiwezi kutolewa kwa mdomo mtupu. Mheshimiwa alikuwa ameirekodi wiki moja kabla. Yeye mwenyewe alikuja kuisikiliza. Alikaa mbele kwenye sofa ya Bwana Shangali, amevaa viatu vipya vyeusi vilivyombana waziwazi.

Saa sita kamili skrini ikawaka. Afisa wa itifaki akamwinamia Waziri sikioni. "Mheshimiwa, tusimame. Waziri anaingia."

Waziri akasimama. Sote tukasimama, kijiji kizima, watu wapata elfu moja. Kwenye skrini Waziri akatabasamu, akainua mkono, akasema, "Ndugu wananchi, naomba m..."

Akaganda. Kiduara kikaanza kuzunguka juu ya pua yake.

Tulisimama. Jua lilikuwa limetukalia utosini. Baada ya robo saa Bwana Shangali alimwendea Bwana Dosi, akamsihi aseme neno.

"Siwezi," Bwana Dosi alisema kwa huzuni. "Mimi ni Daraja la Pili. Naitikia maprofesa tu. Kukalisha kwa niaba ya Waziri ni Daraja la Kwanza, na hajaajiriwa."

Baada ya nusu saa afisa wa itifaki alimnong'oneza Mheshimiwa kwamba, labda, yeye mwenyewe angeweza kutuambia tukae.

"Unataka nimkatize Waziri?" akasema Waziri, jasho likimtiririka. "Ameshaanza kusema!"

Ilipita saa nzima. Mheshimiwa alikuwa akisimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Mabibi walishikana mabega. Mtoto mmoja alilia, akasimama akilia. Hapo nikamwona Mwalimu Kambangwa akitoa karatasi mfukoni. Alivaa miwani. Nilijua ni kifungu gani. Akakunja karatasi, akageuka kumtafuta Siwema katika mistari ya Kidato cha Tatu, na akamwashiria kwa kichwa mara moja.

Siwema alipenya hadi nyuma walikosimama wazazi. Mzee Ubwa alikuwa na mfuko wa unga kwapani; alikuja nao, alisema baadaye, kwa kuwa duka halina kufuli la maana. Alimkabidhi. Siwema akatoa tarumbeta.

"Mbele za Waziri, baba?"

"Puliza, mama. Huyo naye ni mgeni tu."

Akapuliza.

Mabibi walishuka wa kwanza. Kisha wazazi, mstari kwa mstari, kisha walimu, wanafunzi, polisi, dereva wa Wizara, wote chini kwenye majani, sauti ya tano ikiwa bado inavutwa. Na Mheshimiwa Waziri, mzaliwa wa wilaya hii, aliyekalishwa na wimbo huo kwenye harusi za mashangazi zake wote, alidondoka kwenye sofa kabla kichwa chake hakijatoa uamuzi. Uwanja ukalipuka kwa makofi, na yale hayakuwa ya nadharia.

Waziri alivua kiatu kimoja mbele ya taifa. Alikuwa na furaha ya mtoto.

"Aje hapa huyo binti! Nani amemfundisha? Unataka nini, binti? Sema, serikali inakusikiliza."

"Kipindi kimoja, Mheshimiwa. Jumatano saa tano."

"Kipindi cha nini?"

Siwema alifungua mdomo. Mwalimu Kambangwa akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu cha miaka ishirini na saba, na Siwema alimtazama, kisha akaitazama skrini, ambako kile kiduara kilikuwa bado kinazunguka. Nikaona amebadilisha neno mdomoni.

"Cha kusubiri mtandao, Mheshimiwa."

Waziri aligeukia maofisa wake akiwa ameduwaa kwa furaha. "Mmesikia? Huu ndio uzalendo! Taifa zima linasubiri mtandao na hakuna aliyefundishwa kusubiri! Andikeni!"

Wakaandika. Kipindi cha Kusubiri Mtandao leo kimo kwenye ratiba ya kila shule nchini, Jumatano saa tano, chini ya msimamizi, kwa masharti ya kifungu cha kumi na moja: jambo lolote lisilo somo. Mwalimu Kambangwa hakustaafu Desemba. Ameongezewa mkataba wa miaka mitano kwa kuwa ndiye mtaalamu pekee. Harusi ya mwezi uliopita Siwema alipiga akiwa na watoto saba nyuma yake, na wageni walikaa wote kwa pamoja, na Mzee Ubwa alicheka mpaka mapengo yote manne yakaonekana.

Limebaki jambo dogo. Wizara ilituma fundi mwingine, kijana mwerevu, na huyu kwa bahati mbaya alitengeneza kweli. Tangu mwezi wa pili mtandao wetu haujakatika hata dakika moja. Mkaguzi akija Jumatano huuliza kama umepatikana, nami humwonyesha daftari: "Bado. Wanafunzi wote wapo."

Sijamdanganya. Jumatano, ikikaribia saa tano, naiacha kalamu, natoka ofisini, nazunguka nyuma ya darasa namba saba na kuchomoa waya. Najua vizuri kwamba hilo nalo halimo katika orodha ya majukumu yangu.